Foleni Mlangoni kwa Mshauri

Mama hakati kitambaa kabla hajasomewa vipimo kwa sauti. Hata kama vipimo viko kwenye daftari mbele ya macho yake, hata kama mteja ni yule yule wa kila siku, lazima mtu asome, na yeye arudie akiwa na chaki mkononi. "Kifua?" "Thelathini na sita." "Thelathini na sita. Kiuno?" Anasema jicho la fundi limezoea kujidanganya, linaona linachotaka. Sikio halina mazoea hayo.

Msomaji ni mimi. Wateja wananiita Kimya, na wanasema hiyo ndiyo saa pekee ya kuisikia sauti yangu. Wengine wakishapimwa hawaondoki, wanakaa makusudi wanisikilize kama natangaza taarifa ya habari.

"Kimya leo kasema maneno ishirini," alisema mama muuza maziwa siku moja. "Andikeni tarehe."

"Mwache mwanangu," Mama akamjibu. "Debe tupu ndilo linalopiga kelele."

"Kumbe mimi debe?"

"Sijasema wewe. Umejipima mwenyewe."

Jumamosi ninayoisimulia tulikuwa na magauni tisa meupe ya kukata. Dada yangu yuko mwaka wa pili chuo cha uuguzi, na darasa lao lilitakiwa kuwa na sare mpya za wodini. Dada ndiye aliyewaambia wenzake mwanzoni mwa muhula kwamba mama yake ni fundi, wakajikusanya wanane, na yeye wa tisa. Baba yuko safarini na lori lake muda mwingi, kwa hiyo nyumba ni ya Mama na mimi, na cherehani ndiyo mtu wa tatu.

Vipimo vilikuja kwenye simu. Havikutumwa na dada, vilitumwa na mwenzake wa chumbani, ambaye sisi tunamwita Redio, maana hata akikupigia kukuuliza saa atakupa na hali ya hewa. Nilijiuliza kidogo kwa nini dada hakutuma mwenyewe. Nikaliacha lipite.

Nikasoma wa kwanza mpaka wa nane, Mama akarudia, akachora, akakata. Wa tisa alikuwa dada.

"Kifua?"

"Thelathini na moja."

Chaki ikasimama hewani. "Soma vizuri."

"Thelathini na moja."

"Kiuno?"

"Ishirini na tatu."

Mama akaangua kicheko. "Ishirini na tatu! Huyo mwanangu au mwanasesere? Redio kachanganya, maneno yamemzidi mpaka kwenye vidole. Mwanangu kifua thelathini na tano, kiuno ishirini na nane. Nimemshonea tangu nepi, nifundishwe leo?"

Akainama akaanza kuchora kwa kipimo anachokijua yeye. Hakurudia nilichosoma. Tangu nizaliwe sijawahi kuona Mama akichora kitu ambacho hakukirudia.

Nikaangalia tena simu. Mbele ya vipimo vya dada, na vya dada peke yake, Redio alikuwa ameandika: nimepima mara mbili.

Mimi kupiga simu ni adhabu. Naweza kumeza mate mara kumi kabla ya kusema halo. Lakini nilitoka nyuma, nikasimama kwenye kamba ya nguo, nikapiga.

"Eh, Kimya mwenyewe!" Redio akadaka. "Leo mvua itanyesha. Hujambo? Mama hajambo? Hapa jua kali, maji yamekatika, mwalimu wa dawa katupa jaribio la kushtukiza—"

"Da Redio," nikasema, "dada ana kiuno ishirini na tatu kweli?"

Redio akanyamaza. Yeye, Redio! Hapo ndipo nilipoogopa.

"Aliniapisha nisiseme," akasema, na sauti ilikuwa ya mtu mwingine. "Ndiyo maana nikaandika kwamba nimepima mara mbili. Nilijua fundi ataona. Kusema sijasema, si ndiyo?"

"Fundi hajaona."

Akashusha pumzi, ndipo akanieleza. Mwezi uliopita walipelekwa wodini kujifunza, dada akapewa bibi mmoja wa kumlisha na kumgeuza. Bibi akamzoea, akamwita mjukuu wangu. Siku ya sita dada alikuta kitanda kimetandikwa shuka mpya. Wenzake walilia, wakanawa uso, wakaendelea. Dada hakulia. Wiki hiyo hiyo akaanguka mtihani, naye maisha yake hajawahi kuanguka mtihani.

"Anakula?"

"Nikimtazama anapeleka kijiko mdomoni. Nikigeuka, kijiko kinarudi sahanini. Usiku mzima anaangalia dari. Darasani siku ya tisa leo hajaenda. Akiongea na nyinyi anakaa kitako, anatengeneza sauti, anawachekea, simu ikikatika anajifunika shuka."

Ni kweli alikuwa anatuchekea. Alhamisi alitusimulia kichekesho cha mwalimu aliyevaa viatu tofauti.

"Hakuna mtu hapo wa kumsaidia?"

"Yupo mshauri wa wanafunzi, mama mzuri tu. Nimemsindikiza dada yako mara tatu, mara tatu tumegeuzia njiani. Kimya, mlango wa yule mama unatazamana na foleni ya chakula! Na kwa kuwa anafundisha pia, anafungua saa ya chakula tu. Ukikaa kwenye lile benchi, kabla sahani yako haijafika mezani bweni zima limeshajua kwamba akili zimekuruka. Mwaka jana mmoja alikaa, mpaka leo wanamwita Benchi."

Hilo sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Mimi ni mtu ambaye dukani nikikuta watu watatu naenda duka la mbali.

"Usimwache peke yake," nikamwambia.

"Nimehamia kitandani kwake tangu juzi. Namwambia kwangu kuna kunguni."

Nikarudi ndani. Mama alikuwa ameshika mkasi, umeshafunguka, ncha iko mwanzo wa mstari wa chaki. Nilichotakiwa kusema kilikuwa kirefu na koo langu ni jembamba. Nikaweka kiganja juu ya mstari.

"Toa mkono, nitakukata."

"Mama, Redio hajakosea."

Akaniangalia usoni. Sijui aliona nini huko. Aliweka mkasi chini taratibu sana, kama mtu anayeweka mtoto aliyelala.

"Nisomee tena," akasema.

"Kifua, thelathini na moja."

"Thelathini na moja."

"Kiuno, ishirini na tatu."

"Ishirini na..." Akajaribu tena. "Ishirini na..." Haikutoka. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akajifunika uso na gauni la mtu.

Nikamwambia yote. Akasimama. "Twende sasa hivi." Akatafuta viatu, kimoja akavaa kimoja akakosa. Ikabidi niseme mengine, nadhani siku ile nilimaliza akiba ya mwaka. Nikamwambia tukiingia pale tunalia, dada atajifungia, na kesho atatuchekea zaidi. Twende kama mafundi. Tushone magauni kwa bandi tu, ile mishono mirefu ya muda, halafu Jumatatu tupeleke kupima. Kila fundi anapima. Hakuna atakayeuliza.

"Na mpaka Jumatatu?"

"Redio yuko naye. Kitandani."

Mama akapangusa uso. Akafuta ule mstari wa chaki kwa kiganja, akachora mpya, mdogo, na ndani ya mishono akaacha kitambaa cha ziada kipana, vidole vitatu kila upande. Tulishona Jumamosi yote na Jumapili yote. Kila baada ya muda alikuwa anampigia Redio, na Redio anajibu, "Yupo, Mama, tunabishana kuhusu kunguni."

Jumatatu shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo nilibeba mfuko mmoja na Mama mmoja. Getini kwa mlinzi hapakuwa na shida, shida ilikuwa kwa matroni. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye funguo nyingi kiunoni, akitembea utadhani punda wa kengele.

"Ukumbi una mtihani," akasema. "Bwenini wageni marufuku. Darasani hakuna pazia. Mtapimia wapi, mama, uwanjani?"

Mimi nilikuwa naangalia ng'ambo ya ua. Kulikuwa na jengo la chakula, wanafunzi wameanza kujipanga na sahani, na mkabala nao mlango wa kijani wenye benchi mbele. Benchi lilikuwa safi kuliko benchi lolote nililowahi kuona. Hata vumbi lilikuwa linaogopa kulikalia.

"Pale," nikasema.

Matroni akainama. "Umesemaje, mwanangu?"

"Pale kwa mshauri." Masikio yalikuwa yananiwaka. "Watu wakijipanga kwa ajili ya gauni, hakuna atakayejua nani ameingia kwa ajili ya nini."

Matroni akatazama benchi, akanitazama mimi, akatazama benchi tena. Funguo zikanyamaza. Akaenda mwenyewe kubisha.

Mshauri alikuwa mfupi, mnene kiasi, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Alinisikiliza nikirudia maneno yale yale, safari hii vibaya zaidi, nikiwa naongea na vidole vyangu vya miguu.

"Miaka sita nimekaa humu," akasema, "nikijiuliza hiki ni chuo gani chenye wanafunzi wenye afya njema namna hii! Kumbe ni foleni ya maharage." Akacheka, halafu akaacha ghafla. "Ingieni. Kuna chumba cha ndani nilichowekea mafaili. Mlango wake mzito, sauti haitoki. Fundi atakaa hapa mbele, mimi nitakuwa kule. Anayetaka gauni tu, atapata gauni tu. Sitamuuliza mtu kitu."

Wasichana wakaja na makelele yao. Wavulana kwenye foleni ya chakula wakapiga mbinja.

"Mnafanyiwa nini huko?"

"Tunapimwa! Na nyie mnataka gauni?"

"Mimi nataka fupi, magoti yangu mazuri!"

Benchi likajaa mpaka likalia. Mama alikuwa anapima haraka, anageuza mtu, anachoma pini, anamtoa, "Anayefuata!" Mimi nikikabidhi pini na kuandika. Wa nane alipotoka, Mama akachukua pini kiganja kizima akazitia mdomoni, zote. Nilidhani amechanganyikiwa. Baadaye ndipo nilipoelewa. Mtu mwenye pini mdomoni hawezi kulia.

Redio akaingia amemshika dada mkono.

Sitaelezea sana alivyokuwa. Shingo yake ilikuwa imekuwa ndefu. Alikuwa amechana nywele upande mmoja tu, ule wa mbele yetu.

"Shikamoo, Mama," akasema, akatengeneza lile tabasamu la kwenye simu.

"Mmh," Mama akajibu kwa pini. Ndiyo marahaba iliyowezekana.

Akamvalisha gauni. Likakaa sawasawa, begani, kifuani, kiunoni, kama limemwagwa. Dada akajitazama chini. Tabasamu likaanza kumtoka kidogo kidogo.

"Umejuaje?" akauliza.

Mama akatoa pini mdomoni, moja, mbili, akamwaga zote kwenye kisahani. "Nilisomewa. Mara ya kwanza sikusikia, mwanangu. Nisamehe."

"Mimi mzima, Mama. Ni masomo tu."

"Sawa."

"Nitakula. Nitaanza leo."

"Sawa."

"Wewe umewaambia wateja wote mimi ni daktari!" Dada akasema kwa sauti ya juu, ghafla. "Hata nesi sijawa. Nesi gani anaogopa kitanda?"

"Nitawaambia nilikosea kipimo," Mama akasema. "Siyo mara ya kwanza wiki hii." Akapiga magoti, akaanza kukunja pindo la gauni lile, asimtazame usoni. "Mlango ule pale nyuma yako. Mwenye miwani yumo ndani. Ukitaka, ingia. Usipotaka, napiga pindo, tunakaa hapa, tunanyamaza. Dada yako mdogo bingwa wa kunyamaza, atatuongoza."

Dada akatazama nje kupitia kwenye pazia. Nikajua anahesabu macho. Foleni ya chakula ilikuwa bado ndefu, sahani zinagongana, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anatuangalia. Walikuwa wanamcheka mvulana wa magoti mazuri, ambaye alikuwa amekunja suruali awaoneshe.

"Mbona huyo kachelewa?" mmoja wa waliokwisha pimwa akapaza sauti kutoka benchi. "Gauni la wodini hilo au la harusi?"

Redio akatoa kichwa mlangoni. "Pindo limegoma! Kitambaa kigumu, fundi anapigana nacho. Kama mna haraka nendeni mkale!"

Dada akashika kitasa cha mlango wa ndani. Akakishika muda mrefu. Nilitamani kumsukuma na nilitamani kumkumbatia, sikufanya chochote. Mama alikuwa bado amepiga magoti, ameshika hewa pale lilipokuwa pindo.

Akaingia.

Tukakaa. Foleni ya chakula ikaisha. Sahani zikaoshwa. Mpishi akatoka kufagia, akafagia mpaka miguuni kwetu. Mama akashona pindo la gauni moja, akalifumua, akalishona tena pale pale. Mara moja tulisikia dada analia, kwa mbali, kama kitu kinachotoka chini ya mto, maana mlango ulikuwa mzito kweli. Mama akanyanyuka. Redio akamshika mkono.

"Mwache, Mama. Mwezi mzima namsubiri alie."

Wakati huo ndipo mmoja wa wale wanane aliporudi, yule aliyekuwa anacheka kuliko wote benchini. Akasema gauni lake limembana kwapani. Mama akatia kidole kwapani, kikaingia bila shida. Msichana akatazama mlango wa ndani, akatazama sakafu.

"Na mimi naweza kuchelewa kidogo?" akanong'ona.

Mama akamvutia kiti. "Hili gauni lako lina matatizo makubwa sana, mwanangu," akasema kwa sauti ya kufika nje. "Kaa hapo usubiri."

Dada alipotoka macho yalikuwa yamevimba na pua imeziba, na alikuwa mbaya kwa kumtazama, lakini alikuwa yeye. Alinipiga kikofi kichwani. "Kumbe mshenzi wewe ndiye umenichongea." Ndivyo anavyoniambia siku zote nikiwa nimefanya jambo zuri.

Mshauri akamuuliza mbele yetu, "Niwaambie, au uwaambie mwenyewe?"

"Waambie wewe. Mimi nimechoka kuongea. Nimekuwa Redio."

Basi akatuambia machache aliyoruhusiwa. Kesho asubuhi atamsindikiza mwenyewe kwa daktari, kwa sababu mtu asiyelala mwezi mzima hatibiwi kwa maneno matupu. Wodini hatakwenda kwa wiki mbili, na mtihani ataurudia, taratibu zipo, ila wanafunzi hawazijui kwa kuwa hawaulizi. Watakuwa wanaonana kila Jumatatu na Alhamisi. Akamuuliza pia kama amewahi kufikiria kujidhuru, wazi wazi, bila kuzunguka. Dada akajibu mwenyewe hapo, akiangalia mikono yake: "Hapana. Nilikuwa nataka tu nilale nisiamke haraka." Mama akafumba macho, akafumbua. Akasema, "Ahsante kwa kusema." Sijui alilitoa wapi neno hilo, siyo neno lake. Lakini lilikuwa ndilo.

"Na nyinyi mafundi," mshauri akaongeza, akimpisha yule wa kwapani aingie, "magauni yenu yataisha lini?"

"Haya?" Mama akatazama lile rundo. "Fundi mzuri angemaliza kesho."

"Na fundi mbaya?"

"Mpaka mwisho wa mwezi. Kila Alhamisi lazima nije nipime upya."

"Nashukuru chuo kimepata fundi mbaya," mshauri akasema, akafunga mlango mzito.

Dada akakaa sakafuni juu ya mfuko wetu, akaegemeza kichwa kwenye paja la Mama. Alikuwa anasema kitu kuhusu bibi wa wodini, kwamba alipenda maji ya uvuguvugu na siyo ya baridi, kwamba alikuwa anaficha sukari chini ya mto. Katikati ya sentensi akanyamaza. Tukadhani analia tena. Nikainama kumwangalia.

Alikuwa amelala.

Hakuna aliyesogea. Mama alikuwa amekaa vibaya, goti limekunjwa chini yake, sindano iko hewani. Redio alikaa kimya zaidi ya nusu saa, na hilo mimi ni shahidi. Jua likahama kutoka dirishani mpaka ukutani. Yule wa kwapani akatoka, akaturuka kwa ncha za vidole, akatupungia mkono.

Kisha funguo zikasikika uani. Matroni akasukuma mlango.

"Muda wa wageni umekwisha tangu—"

Sote watatu tukamwonesha kidole mdomoni. Akazishika funguo zake kwa mikono yote miwili zisilie.

"Siwezi kusimama," Mama akanong'ona. "Mguu umekufa."

Matroni akamtazama dada aliyelala mdomo wazi, mate yanamtoka juu ya sketi ya Mama.

"Basi," akanong'ona na yeye, "mpaka ufufuke."

Akarudi nyuma, akivuta mlango polepole. Hapo dada akaanza kukoroma, mkoromo mkubwa wa trekta linalopanda mlima, na Mama, aliyekuwa hajacheka tangu Jumamosi, akaziba mdomo kwa kipande cha kitambaa cheupe, mabega yakamtikisika, machozi yakamshuka, akacheka hivyo hivyo bila sauti asije akamwamsha.